Goti bila bima: shilingi ya kwanza iende wapi?

*Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda ya mkataba, naishi Mbagala. Wiki ya tatu sasa tangu gari dogo liniingilie nikiwa naenda zangu moja kwa moja, lenyewe likakata kona bila kuangalia. Nikaanguka upande wa kushoto, nikasikia goti limelia "kah". Mwenye gari alikuwa muungwana, akanitumia elfu 60 kwenye simu, tukamalizana palepale bila polisi maana leseni yangu ilikuwa imeisha muda. Jioni goti likavimba kama boga. Nimechomwa sindano mbili duka la dawa, nimeenda kwa mzee anayechua kwa elfu 10 kila nikienda. Uvimbe umepungua lakini nikishuka ngazi au nikigeuka ghafla goti linachomoka. Sina bima ya afya. Shemeji yangu ana kadi ya NHIF, anasema niitumie tu kwa vile tunafanana. Kuna mama mtaani anakopesha, naweza kupata laki nane nikapige MRI na kuanza mipango ya operesheni. Tajiri mwenye pikipiki naye anataka hesabu yake, elfu 70 kwa wiki, anasema nikikwama ananyang'anya pikipiki na nimebakiza miezi mitano iwe yangu. Mke wangu ana mimba. Nisaidie Bibi, nimechanganyikiwa.*

*S.K., Mbagala*

Mwanangu S.K., pole sana. Pole ya goti, na pole ya kulala macho wazi ukipiga hesabu zisizokubali kukaa sawa. Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniandikia habari ya goti, lakini ndani yake kuna mambo manne: goti, pesa, pikipiki na mwenye gari. Yote yamekujia siku moja, ndiyo maana kichwa kimejaa. Tuyatenganishe, maana kila moja lina mlango wake.

Nikuondolee aibu kwanza. Hukufanya kosa kuumia. Kwa kukosa bima nako hauko peke yako. Vijana wengi walioko barabarani muda huu hawana. Kosa utakalolifanya, ukilifanya, ni la kuanzia leo.

Ulichokwisha kutumia

Hebu tuhesabu pamoja. Sindano mbili duka la dawa, nauli, na elfu 10 ya mchuaji kila unapokwenda. Hukuniambia umekwenda mara ngapi, ila nahisi ile elfu 60 ya mwenye gari imekwisha na umegusa ya nyumbani. Pesa yote hiyo imetoka, na mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyekuambia goti lako lina nini.

Hapo ndipo mtu asiye na bima anapoumia mara mbili. Anaogopa hospitali kwa sababu ya gharama, halafu anaimaliza gharama hiyohiyo vichochoroni, elfu 5 hapa, elfu 10 pale, akinunua nafuu ya siku mbili. Mwanangu, asiye na bima ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi na shilingi yake ya kwanza. Shilingi hiyo ikanunue jibu. Dawa, kipimo kikubwa, operesheni, vyote vitafuata jibu.

Goti lenyewe

Mimi si daktari wako na sijaligusa goti lako. Lakini maelezo yako yana alama ambazo daktari yeyote wa mifupa ataziinulia kichwa. Mlio wakati wa kuanguka, uvimbe mkubwa siku ileile, na goti linalochomoka ukigeuka. Vitu hivyo vitatu vikikutana, kinachoshukiwa kwanza ni kukatika kwa kano ya katikati ya goti, ile ya mbele inayouzuia muundi usitangulie mbele ya paja. Uvimbe wa haraka namna ile mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Huenda pia gegedu, lile linalokaa kati ya mifupa miwili, limechanika. Au yote mawili.

Goti lililokatika kano ni kama pikipiki ambayo steringi imelegea: kwenye lami iliyonyooka inakwenda, ukikata kona inakuyumbisha. Ndiyo maana unaweza kutembea mpaka dukani ukajiona umepona, kisha ngazi moja ikakukumbusha. Na kila linapochomoka, mifupa inasagana juu ya gegedu. Hilo ndilo ninaloliogopa kwako kuliko maumivu. Maumivu yatapoa; gegedu likiliwa halirudi, na goti la miaka 27 linaweza kuwa goti la mzee kabla hujafika 45.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu hawakuambii. Kuijua kano iliyokatika hakuhitaji MRI kama hatua ya kwanza. Daktari mzoefu anakulaza chali, anakukunja goti kidogo, mkono mmoja unalishika paja, mwingine unauvuta muundi kuja mbele. Kano ikiwa nzima, mfupa unagota. Ikiwa imekatika, mfupa unateleza bila kugota, naye anaufananisha na mguu wako mzima. Ni kazi ya dakika chache, na unacholipia ni kuonwa na daktari. Siku za mwanzo uvimbe na maumivu mara nyingi humzuia asipime vizuri. Sasa hivi, uvimbe ukiwa umeshuka, ndio wakati wake.

Eksirei nayo ina kazi yake, na bei yake inavumilika. Inaonyesha mfupa tu, kano haionekani. Lakini wewe ulianguka kwa kishindo cha gari, na bado hatujui kama kuna ufa kwenye mfupa au kwenye kilegesambwa. Akikuandikia eksirei, ipige. MRI ingoje mpaka kuwe na uamuzi unaoitegemea. Ukienda kuipiga kwa pesa ya mkopo kabla hujaonwa, utarudi na bahasha kubwa na swali lilelile.

Dalili ambazo hazingoji pesa

Hapa sina upole, mwanangu. Yapo mambo ambayo ukiyaona unakwenda hospitali usiku huohuo, una pesa au huna.

Mguu chini ya goti ukiwa wa baridi, umepauka, au umekufa ganzi, huenda mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti umeumia. Hapo zinahesabiwa saa, na watu wamekatwa miguu kwa kusubiri asubuhi. Goti likiwa la moto, jekundu, na una homa, huenda kuna usaha ndani ya kiungo. Wewe umechomwa sindano, kwa hiyo hili lichunge sana, hasa kama sindano hizo zilichomwa kwenye goti lenyewe. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikubana ghafla, huenda damu imeganda. Na goti likikwama limekunjwa, likakataa kabisa kunyooka, usimruhusu mtu alivute. Huenda kipande cha gegedu kimejikunja na kuingia katikati, na cha namna hiyo hushonwa vizuri kikiwahiwa.

Mgonjwa wa dharura hupokelewa na kutibiwa kwanza. Habari ya malipo inazungumzwa baadaye, na nitakuambia inazungumzwa na nani.

Duka la dawa na mzee wa kuchua

Sindano zile ulizochomwa, uliuliza ni za nini? Kwa mazoea ninayoyajua, ya kwanza ni diclofenac ya maumivu, ya pili huwa dawa ya jamii ya steroidi. Zote zinapunguza uvimbe, na hapo ndipo zinapodanganya, maana unarudi kulitumia goti ambalo hakuna mtu aliyelitengeneza. Diclofenac ya mfululizo inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo. Steroidi ya kuchomwachomwa inaweza kuficha usaha mpaka uchelewe. Uliza jina la dawa, liandike, umwonyeshe daktari. Ya tatu usichome.

Mzee wa kuchua simtukani. Wazee hao wana mikono ya faraja, na mtu aliyekazana misuli anaweza kutoka kwake akiwa mwepesi. Lakini kano iliyokatika haiungwi kwa mafuta, na goti lililojaa damu kulikanda kwa nguvu ni kuliongezea jeraha. Na akikuambia atalifunga kwa vijiti na kamba zibane, kataa kwa heshima. Wapo waliofungwa hivyo damu ikashindwa kupita.

Uvimbe ukirudi, lala uweke mguu juu ya mto, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Bandeji ya kuvutika isikaze mpaka vidole vikawa baridi.

Kadi ya shemeji

Usiitumie.

Najua shemeji yako anakupenda. Najua pia mnafanana. Lakini kutumia kadi ya bima ya mtu mwingine ni udanganyifu mbele ya sheria, na anayeulipia si wewe peke yako. Ikigundulika, shemeji yako anaweza kupoteza kadi, na mkewe na watoto wakabaki kama ulivyo wewe leo. Kama ameajiriwa, kazi nayo inaingia mashakani. Goti lako litakuwa limezivunja nyumba mbili.

Kuna pia jambo la mwilini. Ukitibiwa kwa jina lake, faili linasema yeye ndiye aliyepasuliwa goti. Kundi lako la damu, dawa zako, mzio wako, vyote vinaandikwa kwake. Siku yeye akiletwa hajitambui, watamtibu kwa kusoma mambo yako. Na wewe siku utakapodai haki yako kwa mwenye gari, huna karatasi hata moja yenye jina lako. Mwambie shemeji asante, kisha umwombe kitu kingine: akusindikize hospitali, na akukopeshe nauli.

Laki nane za mtaani

Ile mikopo mnaiita wenyewe kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Tuseme yule mama anataka asilimia 30 kwa mwezi. Kwa laki nane, hiyo ni laki mbili na elfu 40 kila mwezi, riba tupu, deni lenyewe halijaguswa. Unalipa na nini, huku mguu uko juu ya mto? Watakuja kuchukua kitanda, televisheni na jiko, mkeo akiwa na mimba mlangoni.

Na laki nane hizo haziifikishi safari mwisho. Huenda zikamezwa na MRI, nauli na vipimo, zikaisha kabla ya meza ya upasuaji. Kopa pale unapojua unalipia nini, bei yake kamili ni ipi, na utarudishaje. Leo hujui hata moja kati ya hayo. Ukilazimika kukopa huko mbele, anza na kikoba cha mkeo au watu wa kijiweni, ambao watakudai wakiwa wanakujua. Dawa ya deni ni kulipa, kwa hiyo chukua lile unaloliweza.

Mlango wa hospitali

Kutoka Mbagala, anzia hospitali ya umma iliyo karibu nawe, kisha upande kwa barua ya rufaa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na ikibidi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Usirukie juu. Anayepanda ngazi kwa rufaa anafika akiwa na karatasi, vipimo vya mwanzo, na sababu ya kuonwa.

Ukiwa kwenye foleni, fahamu kwamba kuna ofisi ambayo wagonjwa wengi wanaipita bila kuiona: ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa wa hapo ndiye anayesikiliza mgonjwa asiyeweza kulipa. Kabla ya kwenda kwake, pita kwa mtendaji wa mtaa wako akuandikie barua inayoeleza hali yako, ukiwa na kitambulisho. Mweleze afisa ukweli: kazi yako, hesabu ya tajiri, mimba ya mkeo. Anaweza kukusamehe gharama, yote au sehemu, au kukupangia kulipa kidogo kidogo. Sitakudanganya kwamba kijana mwenye kazi husamehewa yote kirahisi. Mara nyingi utapewa kulipa kwa awamu, na hiyo peke yake inatosha kukuepusha na yule mama wa laki nane.

Mwendee afisa huyo *kabla* ya bili kukua. Wengi huenda wakiwa wameshapewa karatasi ya kuruhusiwa, bili imeshafika juu, mgonjwa anakaa wodini akingoja ndugu wachange. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha ufukara hospitalini humuumbua dirisha la malipo.

Daktari akishakuona, muulize maneno haya bila woga: "Nina nini? Nikisubiri miezi mitatu nikifanya mazoezi, naharibu nini? Kipimo hiki kikitoka, kitabadilisha matibabu yangu?" Na mwambie wazi kwamba unalipa mfukoni. Daktari mwema akijua hilo ataanza na yale ya lazima.

Operesheni

Umeniandikia unataka kuanza mipango ya operesheni. Je, inakwepeka? Inawezekana sana.

Mwaka 2010 madaktari wa Sweden walichapisha matokeo ya vijana 121, umri wao miaka 18 hadi 35, wote wamekatika kano hiyo ninayoishuku kwako. 62 walipasuliwa mapema na kufanyishwa mazoezi. 59 walianza na mazoezi tu, operesheni ikabaki ya yule atakayeihitaji. Baada ya miaka 2, mafungu yote mawili yalikuwa karibu sawa kwa maumivu na kwa matumizi ya goti. Na kati ya wale 59, 36 hawakuwa wamepasuliwa. Vijana hao waliishi kwenye nchi yenye matibabu ya kila namna, kwa hiyo mazoezi hayakuwa chakula cha maskini. Yalikuwa tiba.

Lakini usome vizuri: walifanya mazoezi chini ya mtaalamu, kwa miezi. Hawakukaa nyumbani wakingoja. Na 23 kati yao walikuja kupasuliwa kwa sababu goti liliendelea kuwachomoka. Ukiona baada ya miezi mitatu minne ya mazoezi ya kweli bado linachomoka, au daktari akikuta gegedu limechanika vibaya, basi operesheni itakuwa imejieleza yenyewe. Hata hapo, hakuna kupanda pikipiki mwezi wa pili baada ya kupasuliwa. Kurudi kwenye kazi nzito au mpira baada ya kuwekewa kano mpya kunachukua karibu miezi 9, wakati mwingine zaidi. Familia ijue hilo kabla ya kuchanga.

Kwa hiyo omba upelekwe kitengo cha fiziotherapia. Hata ukimudu kwenda mara moja kwa wiki mbili, mwambie mtaalamu akufundishe ya kufanya nyumbani. La kwanza atakalokupa huenda ni hili, na ukishaonwa unaweza kulianza siku hiyohiyo: kaa kitandani umenyoosha mguu, kunja khanga ya mkeo iwe kibunda, iweke chini ya goti, kisha kandamiza goti chini ukiikaza misuli ya paja. Hesabu mpaka 5, achia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Linaonekana jambo dogo. Pima mapaja yako kwa kamba leo, kiganja kimoja juu ya goti, utaona la kushoto limekonda tayari. Paja hilo likirudi ndilo litakaloshika kazi ya kano. Baadaye utainua mguu ulionyooka, utakunja na kukunjua kisigino kikiteleza kwenye shuka, utachuchumaa nusu ukishika kiti. Kila hatua kwa idhini ya anayekupima.

Pikipiki hapana kwa sasa. Mguu wa kushoto ndio wa gia, na ndio unaoutua chini ukisimama kwenye foleni na abiria mgongoni. Likichomoka pale, hutaanguka peke yako.

Hesabu ya tajiri

Hapa usijifiche. Tajiri anayeona simu haipokelewi anakuja na watu kuchukua pikipiki. Nenda kwake mwenyewe, ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi, na ukiwa na pendekezo. Tafuta deiwaka unayemwamini, mwenye leseni, aendeshe, alete hesabu ya tajiri kwanza, mgawane kidogo kinachobaki. Muombe tajiri apunguze hesabu kwa miezi miwili na kuisogeza mbele tarehe ya mwisho ya mkataba. Mkikubaliana, iandikwe, shahidi awepo, mwenyekiti wa kijiwe asaini. Umeshalipa kwa muda mrefu, umebakiza miezi mitano. Hata yeye hapendi kuanza upya na kijana mwingine asiyemjua.

Yule mwenye gari

Umemwita muungwana, na huenda ni kweli. Lakini elfu 60 ilikuwa pole, haikuwa matibabu.

Barua yako nzima inalalamikia bima usiyokuwa nayo, mwanangu, na ndani yake umeipita bima ambayo huenda ipo. Sheria inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya mtu wa tatu, mnayoiita bima ndogo. Kazi yake ni kumlipa anayeumizwa na gari hilo. Hapo mtu wa tatu ni wewe. Bima ndogo ya pikipiki unayoendesha haikutibu wewe dereva. Ile ya gari lililokukosea ndiyo inayoweza.

Uliogopa polisi kwa sababu ya leseni. Leseni iliyoisha ina faini yake, na mwenye gari anaweza kuitumia kukubishia. Lakini haimfanyi aliyekata kona bila kuangalia awe hana kosa. Nenda kituo cha polisi cha eneo ilipotokea ajali, eleza yote pamoja na kuchelewa kwako, uombe fomu ya polisi ya matibabu, PF3, uende nayo hospitali. Ule ujumbe wa simu ulioleta elfu 60 una jina, namba na tarehe. Usiufute, upige picha, mtumie mkeo. Andika namba ya gari. Watafute waliokuwa pale, hasa wenzako wa kijiweni. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima ya gari kwa namba yake, na hupokea malalamiko. Kisha mpigie mwenye gari kwa adabu, mwambie goti limekuwa baya na kwamba unataka kupita kwenye bima yake. Mtu muungwana ataona afadhali bima ilipe kuliko yeye.

Muda wa kufungua madai ya namna hii mahakamani ni miaka 3, lakini usiukalie, ushahidi huoza haraka. Usisaini karatasi ya "tumemalizana" hata kwa laki tano, kabla hujajua goti litagharimu nini. Na jihadhari na vishoka watakaokuambia watakufuatilia fidia kwa nusu yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, husaidia bure wasiomudu wakili.

Fidia haitakuja wiki hii, wala mwezi huu. Usiitegemee kwa unga wa leo. Ila risiti zote, hata ya bandeji, weka kwenye bahasha moja.

Na bima yako mwenyewe

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kamuulize mtendaji wa mtaa, siku hiyohiyo unayochukua barua, utaratibu wa kujiunga kaya yenu ukoje sasa na ni kiasi gani. Usitazamie kadi mpya ilipie goti hili mara moja, uliza kama kuna muda wa kusubiri kabla ya kulipia upasuaji. Jiunge kwa ajili ya mkeo na mtoto anayekuja. Na wenzako wa kijiweni, ambao najua mna mchango wa msiba, waambie waweke na wa ajali. Mnachanga kuzika, changeni na kutibu.

Sasa S.K., ratiba yako ni hii. Kesho asubuhi, mtendaji wa mtaa na kituo cha polisi. Keshokutwa hospitali, na barua, na PF3, na shemeji pembeni yako. Jioni yake kwa tajiri. Kwa yule mama wa mkopo usipite kabisa.

Ukishaonwa, niandikie daktari alisema nini baada ya kuuvuta muundi, na kama kaya yenu imepata kadi. Mkeo mpe salamu zangu, na mwambie asibebe ndoo ya maji huku wewe umekaa. Mtafutieni kijana wa jirani.

Ni mimi, Bibi yako.